Mafiga ya Bahari Kuu

Siku hiyo nilikwenda kwa Mwahija kuazima mbuzi ya nazi. Mbuzi yangu ninayo, nzima, ipo uvunguni. Lakini mumewe, Yahya, alikuwa amerudi kutoka melini, na kwa mtu aliyerudi kutoka mbali huingii hivi hivi. Unaingia na shida.

Mwahija ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, kwa hiyo mimi ni mama yake mkubwa, na hapa Kilwa nyumba ya mtoto wako hupigi hodi mara nyingi. Nikamkuta amempakata mwanawe Naima, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Yahya kaegemea ukuta, anasimulia. Shikamoo mama, marahaba, nikakaa. Mbuzi nikaisahau.

Yahya alikuwa ameajiriwa kwenye meli ya wageni huko bahari kuu. Nilidhani ni mambo ya gesi, kama Songo Songo. Kumbe wanachimba mawe. Chini kabisa, kusikofika jua wala wavu, kuna mawe meusi yametandazwa kama viazi shambani, na ndani yake mna madini ya betri. Wanateremsha mashine inayotambaa kama trekta, inayafyonza, na tope linatimka kule chini, linaelea, halafu linashuka taratibu juu ya kila chenye uhai. Kazi ya Yahya ilikuwa kuyaosha mawe kwa mpira wa maji.

"Na wanaokaa humo?" Mwahija akauliza.

Wapo, akasema. Weupe, hawana macho, laini kama ute wa yai, wamelishikilia jiwe kwa kikonyo chembamba kama uzi. Ukiwapiga maji wanakatika. Wanakwenda na tope.

Halafu akafungua begi akatoa mawe matatu, kila moja kubwa kama nazi. Mafiga yako, mke wangu, haya hayapasuki kwa moto. Nikamwambia wenzako wanaleta kanga na udi, wewe unaleta mawe. Tukacheka. Mwahija hakucheka.

Nieleze kwa nini. Mwahija anakwenda pweza tangu usichana wake. Maji ya bamvua yakitoka, wanawake wanatembea mwambani na vijiti vyao, wanainua jiwe, wanamtoa pweza, kisha jiwe linarudishwa kama lilivyokuwa, tumbo chini, mgongo juu. Hata kama hukupata kitu. Jiwe ni nyumba ya mtu. Mwanamke anayeacha jiwe limepinduka, wenzake hawaongozani naye tena.

"Mlipoyainua haya, mlirudisha nini?"

"Turudishe wapi," Yahya akasema, "na kule chini kumelimwa kote?"

Mwahija akayapanga jikoni kwa shingo upande.

Haukupita muda, mtaa ukaanza kusema Mwahija ana wazimu wa ufagio. Asubuhi anafagia, adhuhuri anafagia, alasiri yuko na beseni anapiga deki. Jirani yake Zuwena akasema anangoja wageni kutoka Lindi. Mimi nikasema ana mimba nyingine, na habari hiyo nikaifikisha mpaka sokoni. Kisha nikaenda kuhakikisha. Safari hii niliazima chumvi.

Jua lilikuwa utosini. Nje, joto la kuchemsha ubongo. Ndani, baridi. Moto ulikuwa unawaka vizuri, kuni kavu za mkorosho, sufuria juu ya mafiga yale. Nikatia kidole kwenye maji, nikakitoa upesi. Sikuungua. Yalikuwa baridi mpaka mfupa ukauma.

"Hayajachemka tangu asubuhi," Mwahija akanong'ona. "Mama mkubwa, sema polepole."

Ndipo nikaliona. Tope. Laini kama poda, linashuka kutoka darini, na dari yenyewe mpya, haina hata ufa. Linashuka juu ya kawa, na chini ya kawa limo. Linashuka ndani ya mtungi, na mtungi umefunikwa. Linashuka juu ya kope za Naima. Mwahija akampangusa. Likashuka tena. Mtoto akakohoa, na kilichomtoka mdomoni kilikuwa cha kijivu.

Kisha ukutani. Kitu kinapapasa. Chini, usawa wa kitanda cha mtoto. Kidogo kidogo, kama kipofu anayetafuta mlango wake.

"Wanatafuta pa kushika," Mwahija akasema.

Chumvi sikuondoka nayo.

Maalimu Abdulwahab aliitwa, akasoma dua, akapangusa tope kwenye ndevu. Akasema kama ni jini angejua la kufanya. Hii ni haki ya mtu. Irudisheni.

Sasa Yahya ni wa Rutamba, bara huko, mtu wa korosho, na kwake maji ya chumvi yote ni bahari. Bamvua ilipofika akayabeba mawe mpaka mwambani, akayaweka vizuri, mgongo juu. Akarudi anapiga mluzi.

Kesho yake wanawake wa pweza walirudi na vikapu vitupu. Mwamba wote ulikuwa umefunikwa na tope. Pweza walifia mashimoni, mikono yao imechomoza nje, kama watu waliokuwa wakiomba hewa. Na jikoni kwa Mwahija mafiga yalikuwa mahali pake. Matatu. Yamelowa.

Siku hiyo Naima alishindwa kunyonya. Anavuta kidogo, anaachia, anatafuta pumzi. Midomo rangi ya jivu.

"Ukichukua mlango wa mtu Rutamba," Mwahija alimwambia mumewe, "utaupeleka mji wa Mtama useme umeurudisha?"

Yahya akainuka. Aliyatia mawe kwenye gunia, akambusu mwanawe kisogoni, akarudi melini.

Yaliyotokea huko tuliyapata kwa simu, kutoka kwa Getrude, mpishi wa meli. Mchana kweupe, bahari shwari. Alimkuta Yahya ukingoni, pale pale walipoteremshia mashine, amelikumbatia gunia kama mtoto. Akamwambia ayatupe basi, akale. Yahya akatikisa kichwa.

"Yakitupwa yanarudi. Lazima yapangwe."

Getrude aligeuka kutazama sufuria yake jikoni. Alipoangalia tena, ukingoni vilibaki viatu. Vimejaa tope mpaka juu.

Saa hiyo hiyo, huku kwetu, tope lilikoma. Naima akavuta pumzi ndefu, akanyonya mpaka akalala. Wapo wanaosema Yahya kakimbilia kwa mwanamke Mtwara. Huo ndio umbeya pekee ambao sikuubeba.

Juzi Mwahija aliniita. Nilikwenda bila shida ya kusingizia. Naima kaota jino. La chini, si la juu, nikasema alhamdulillahi, si kigego wa kuleta mkosi. Nikamfumbua mdomo.

Jeusi. Lina vinundu. Nikaligusa kwa kidole, na baridi yake niliijua. Nikaligonga kwa kijiko cha uji. Halikulia kama jino.

"Tuling'oe?" Mwahija akanong'ona.

Nikamsogeza mtoto dirishani. Juu ya jino palisimama uzi mweupe, mwembamba, urefu wa punje ya mchele. Nikaupuliza polepole.

Ukajikunja.

Nikamfumba mtoto mdomo, nikamrudishia mama yake.

"Uking'oa," nikamwambia, "utarudisha wapi?"