Mchwachuma

Mchwachuma walikuwa kazini. Kwenye kioo cha hadubini walionekana kama punje za ulezi uliokaangwa, maelfu kwa maelfu, wakipanda ukuta wa silinda kwa mistari. Kila mmoja alibeba chembe ya chuma. Walipofika penye mkwaruzo waliibandika, wakaikandamiza, wakarudi kuchukua nyingine. Mkwaruzo ule ungetosha kuua injini. Baada ya dakika arobaini haukuwepo tena.

"Imepona," alisema Editha Kalinga.

Fundi Osmundi Luvanda alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, akipumua kwa mdomo. "Imepona, au kidonda kimefunikwa tu? Tutajua Jumamosi."

"Fundi, huwa huamini kitu."

"Namwamini Mama Mkwe peke yake. Yeye akitaka kukuumiza anakwambia mapema."

Mama Mkwe lilikuwa gari. Gari la mbio, la viti viwili, la bluu iliyopauka mpaka ikafanana na sare ya shule ya mwaka wa pili. Lilikuwa na umri wa karibu miaka mia. Marehemu baba yake Editha ndiye aliyemwachia, na Osmundi alikuwa fundi wa baba yake kabla ya kuwa wake. Jina alilitoa Osmundi. Alisema ni gari la kuheshimiwa, haliridhiki na chochote, na ukilijibu vibaya asubuhi litakuaibisha mbele za watu jioni.

Hakuwa anatania sana. Baridi ya Iringa ya mwezi wa saba ililifanya ligome mpaka injini ikandwe kwa matambara ya moto. Panya walipenda nyaya zake. Kioo cha upande wa dereva kikishuka hakipandi bila kuvutwa kwa mikono miwili. Petroli haikuuzwa tena mahali popote nchini, hivyo Osmundi aliliwasha kwa spiriti ya miwa aliyoichuja mwenyewe. Nati ya kumwagia oili chini ya injini ilikwisha meno tangu zamani, na nyingine ya namna ile haikupatikana. Ila likiwaka vizuri, likitoka Ipogolo na kuachiwa gia ya tatu, watu waliokuwa ndani ya nyumba walitoka nje. Hakukuwa na kitu kingine mjini kilichonguruma hivyo.

Huo ulikuwa mwaka 2093. Watu walisafiri kwa jiendeshe, magari yasiyo na usukani wala sauti. Sheria iliwaruhusu wachache kuendesha wenyewe kwa sharti moja: kila mwaka, siku iliyopangwa, gari lipande mlima Kitonga kuanzia chini hadi juu bila kusimama. Likishindwa, au lisipofika, linachukuliwa na kupelekwa kinuni kusagwa. Zamu ya Mama Mkwe ilikuwa Jumamosi. Siku ile ilikuwa Jumatano.

Editha alikuwa mhandisi, na mchwachuma walikuwa kazi ya mikono yake. Miaka minne iliyopita aliwatengeneza maabara, wadogo kuliko chembe ya damu, akawamwaga kwenye oili ya gari la baba yake kuwajaribu. Waliongozwa na kisanduku kidogo kama kipande cha sabuni, alichokiita malkia. Amri yao ilikuwa fupi: tafuta chuma kisicho na kazi, kipeleke kwenye injini yako. Palipolika sana walishikana wao kwa wao na kuwa chuma chenyewe. Jaribio lilifaulu, na sasa mchwachuma walikuwa ndani ya pampu na mitambo ya nchi nzima. Karakana za kuchonga vyuma zilifungwa moja baada ya nyingine. Mashine ya mwisho ya kuchonga silinda, iliyokuwa Mafinga, iliyeyushwa mwaka jana.

Osmundi aliinuka kwenye ndoo ili afunge boneti. Alisimama kidogo, akashika ukingo wa gari, kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha udongo na kukitafuna.

"Unakula nini?" aliuliza Editha.

"Udongo."

"Ule wa wajawazito?"

"Ndiyo huo. Kule sokoni wameshaniuliza nimefikisha mwezi wa ngapi. Nimewaambia wa tisa, na baba wa mtoto ni Mama Mkwe." Alicheka, kicheko kikamkata pumzi. "Sijui ni nini, Injinia. Nikikosa udongo silali."

Editha aliuangalia mkono ulioshika udongo. Kucha zilikuwa nyeupe, zimebonyea katikati kama vijiko. Viganja vilikuwa na madoa meusi, na madoa yale hayakuwa ya grisi.

Alitaka kusema kitu, lakini Osmundi alikuwa ameshainama kuvuta jeki. Hakuinuka. Alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka kusubiri, akalala ubavu.

*

Daktari Mhapa, daktari wa damu, alikuwa mwanamke mnene asiyependa maneno mengi. Alichukua tone la damu ya Osmundi, akaliweka kwenye kisomadamu, akageuza kioo ili Editha aone.

"Robo ya chuma anachotakiwa kuwa nacho mtu mzima," alisema. "Robo tatu nyingine imekwenda wapi, sijui. Hana kidonda tumboni. Ila hivi vidude vyeusi sijawahi kuviona."

Editha alikuwa ameshaviona. Alivikuza mara elfu, na mgongoni mwa kila kimoja akasoma namba aliyoichora yeye mwenyewe: kundi la kwanza, injini ya kwanza.

"Anatengeneza gari?" aliuliza daktari.

"Ndiyo."

"Vimeingiaje mwilini?"

Editha alijua. Kwa kuwa nati ya chini haikufunguka, Osmundi alitoa oili kwa njia ya mafundi wa zamani. Alilipandisha gari juu ya mawe, akapitisha mpira mwembamba kwenye tundu la kijiti cha kupimia, akanyonya kwa mdomo mpaka oili ipande, akatema. Kisha alionja ile iliyobaki ulimini. Ulimi ulimwambia kama maji yameingia, au spiriti. Editha alimwona akifanya hivyo tangu akiwa msichana. Kwa miaka minne ya mchwachuma aliendelea kumwona, na hakuwahi kuunganisha mambo hayo mawili.

Chuma kisicho na kazi. Mchwa walipoingia kwenye damu walikuta chuma, wakaona hakifungi kitu wala hakisukumi kitu. Walikichukua. Walikipeleka viganjani, wakasubiri. Kila Osmundi alipoweka mikono yake yenye nyufa juu ya injini ili asikie mtikisiko, walitoka na kwenda nyumbani.

"Nimwongeze damu?" aliuliza daktari baada ya kuelezwa, kisha akajijibu. "Hapana. Nitakuwa nawaongezea chakula."

"Akiacha kulishika gari?"

"Wataacha kukusanya?"

"Hapana," alisema Editha. "Wataendelea kukusanya na kusubiri. Ninaweza kuwaandikia amri mpya. Inahitaji wiki tatu."

"Hana wiki tatu."

"Basi ni kumzima malkia. Wanakufa wote, walio mwilini na walio kwenye injini. Malkia hachagui."

"Na gari?"

Ndani ya Mama Mkwe hapakuwa na pete ya pistoni wala beringi iliyobaki nzima. Mchwa ndio waliolishikilia. Wakifa, injini haitamaliza dakika mbili.

*

Osmundi alikataa kulala hospitali. Ijumaa saa nne asubuhi Editha alimkuta gereji, amejifunga blanketi, amekaa kwenye kiti cha abiria cha Mama Mkwe huku mlango uko wazi.

"Kamwene, fundi," alimsalimu kwa Kihehe, kama baba yake alivyokuwa akimsalimu.

"Kamwene. Una sura ya mtu aliyekuja kutoa taarifa ya msiba. Toa."

Alimweleza yote. Hakutumia maneno ya maabara. Alisema kuna wadudu wa chuma ndani ya oili, kwamba yeye ndiye aliyewaweka, kwamba wamo pia ndani ya damu ya Osmundi na wanabeba chuma chake kidogo kidogo kulijaza gari. Osmundi alisikiliza bila kumkatiza. Alitazama viganja vyake upande mmoja, akavigeuza, akatazama upande wa pili.

"Wewe uliniambia ni dawa ya oili," alisema.

"Ndiyo."

"Miaka minne."

"Ndiyo, fundi."

"Mbona hukusema ni wadudu? Ungesema wadudu, nisingeweka mdomo. Hata mtoto haweki mdomo kwenye wadudu."

"Nilidhani ni maelezo marefu." Aliona hilo halitoshi. "Nilidhani hutaelewa."

"Kwa sababu niliishia darasa la tano."

Editha aliinamisha kichwa.

"Nimeelewa sasa hivi," alisema Osmundi. "Umetumia muda gani? Dakika sita? Saba?" Hakupandisha sauti, na ingekuwa nafuu kama angepandisha. "Baba yako alikuwa ananieleza kila kitu. Wakati mwingine alikuwa anadanganya, lakini alikuwa ananieleza."

Editha alitoa malkia mfukoni, akamwekea mapajani.

"Ukibonyeza hapa, wanakufa wote. Daktari anasema mwili utawatoa wenyewe, na baada ya hapo utaongezwa damu. Mama Mkwe atakufa. Hakuna wa kuchonga silinda kabla ya kesho, na kesho likikosekana Kitonga linasagwa. Usipobonyeza, linapanda. Lakini kila mlima unapokuwa mkali wanaita chuma zaidi, na chuma kitatoka kwako."

"Nikibonyeza Jumapili?"

"Daktari anasema hajui kama utafika Jumapili."

"Ungeweza kubonyeza mwenyewe usiniambie. Ungesema injini imekufa. Yamenikuta mengi, ningeamini."

"Nilifikiria hivyo jana kutwa."

"Ukaacha kwa nini?"

"Ingekuwa mara ya pili."

Osmundi alisogea taratibu hadi kiti cha dereva. Alizungusha ufunguo. Injini ilikohoa mara moja, ikashika, ikatulia kwenye ule mngurumo wake mzito ambao watu walitoka nje kuusikiliza. Hakuna aliyewahi kuuimba sawasawa, ingawa Osmundi alijaribu mara nyingi akiwa amelewa. Aliuacha uendelee. Hakuweka mikono juu ya chochote. Aliikunja kifuani, ndani ya blanketi.

"Wewe unataka nini?" aliuliza.

"Nataka ubonyeze."

"Ni gari la baba yako. Umejifunzia humu. Uligonga ukuta wa kanisa, nikaunyoosha mdomo wa hili gari usiku na mchana asijue."

"Alijua. Bonyeza, kaka Osmundi."

Editha hakuwahi kumwita kaka. Osmundi alimtazama. Kisha akabonyeza.

Kwa sekunde chache hakuna kilichobadilika. Halafu ukaingia mlio mwembamba, kama kijiko kinachogonga sufuria, ukafuatwa na mwingine, mpaka injini nzima ikawa inagongagonga kama kabati la vyombo linaloshushwa ngazi. Moshi wa bluu ulijaa gereji. Mama Mkwe alitikisika mara mbili, akazimika. Editha alikuwa amefumba macho.

Osmundi alikohoa moshi, akapunga blanketi. "Lete spana," alisema.

"Ya nini? Limekufa."

"Nataka kuona kilichokuwa kinanila. Nitakuelekeza, utafungua wewe. Mimi sina nguvu."

*

Walifungua injini siku ile hadi saa kumi na mbili jioni, wakaendelea asubuhi ya Jumamosi. Osmundi alikaa kwenye ndoo na kutoa amri. Editha alichubuka vidole, akakosea boliti mbili, akatukanwa mara moja kwa adabu. Saa nne bloku lilikuwa wazi. Walichomoa pistoni ya kwanza, wakaifuta. Kiunoni mwake kulikuwa na mkanda wa chuma kipya, mwembamba kama uzi, unaong'aa kuliko kitu chochote ndani ya gari lile. Osmundi aliushika kwa kucha zake nyeupe, akauzungusha pole pole kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akaiweka pistoni mapajani.

Lori-jiendeshe la kinu lilifika saa saba. Mkaguzi Ngimbudzi alishuka na ubao wake wa kuandikia, akatazama vyuma vilivyopangwa juu ya turubai.

"Poleni," alisema. "Hili nililipenda. Mwaka juzi nilisimama pale juu Kitonga kulisubiri, nikalisikia kabla sijaliona." Alianza kuhesabu. Sheria ilitaka kila kipande kiingie kinuni. "Pistoni zilikuwa ngapi?"

"Nne," alisema Editha.

"Naona tatu."

"Moja iko kwa mwenyewe."

"Mwenyewe si wewe, mama?"

"Gari ni langu."

Ngimbudzi alimwona Osmundi, aliyekuwa amekaa na blanketi lake, na pistoni imelala mapajani kama mtoto wa paka. Aliziona na kucha zake nyeupe.

"Mzee wangu, hiyo lazima niichukue," alisema kwa upole. "Ikibaki, natakiwa kuandika sababu, na sababu lazima iwe ya kisheria."

"Nipe niandike mimi," alisema Editha.

Aliandika amesimama, kwa mkono uliochubuka. Alipomaliza alirudisha ubao, na Ngimbudzi akasoma kwa sauti ya chini: "Sehemu ya mwili wa fundi Osmundi Luvanda. Ilichukuliwa na mchwachuma wangu bila yeye kuambiwa. Imerudishwa kwake."

Alisoma tena kimya. Alivua kofia, akaishika.

"Mama, hii ikifika wizarani, watazima mchwa nchi nzima mpaka wajue ni mafundi wangapi walioliwa. Watakuita. Watafunga kazi yako yote."

"Nimeandika jina langu chini yake," alisema Editha. "Piga muhuri."