Mkate wa Kuonja

Kwa miaka ishirini na mbili, Baba Pacha aliwasha tanuri lake saa kumi na moja alfajiri. Harufu ya mkate wake iliamsha mtaa mzima. Yeye alikanda na kuoka. Mkewe, Mama Pacha, alikaa mbele dukani, akiuza na kuwatania wateja. Biashara ilikuwa yao wawili, lakini tanuri lilikuwa la Baba Pacha. Hata mkewe hakuruhusiwa kugusa mlango wake.

Mwaka wa nne tangu aambiwe ana kisukari, mambo yalianza kwenda mrama. Kiu haikuisha. Chooni alikwenda kila saa. Macho yakaingia ukungu. Asubuhi moja hakuziona vizuri alama za mizani, akatia chumvi mara tatu ya kawaida. Mikate tisini ikatupwa. Wateja walikuja juu, na walikuwa na haki.

Siku ile Mama Pacha hakutania mtu.

"Baba Pacha, leo ni chumvi. Kesho utaingiza mkono kwenye mashine ya kukandia. Kipimo chako cha sukari ya miezi mitatu kimefika kumi nukta sita. Daktari alitaka kiwe saba."

"Dawa si nameza?"

"Unameza, na sukari inapanda. Sasa sikiliza. Tukirudi kupima baada ya miezi mitatu na haijashuka, tanuri namkabidhi mtu mwingine. Sitaki mume kipofu mimi."

Baba Pacha aligeuka kulitazama tanuri lake. Kumtoa kwenye tanuri ilikuwa kama kumtoa roho, na mkewe alilijua hilo vizuri.

Jirani yao alikuwa mtaalamu wa lishe kwenye kliniki. Watu walimwita Mama Sahani, kwa sababu hata msibani alichungulia sahani za watu. Kesho yake alipokuja kununua mkate, Mama Pacha alimvuta mpaka jikoni.

"Shemeji, hebu niambie, unakula nini?" aliuliza Mama Sahani.

"Mimi? Sukari nimeiacha kabisa! Chai bila sukari, soda siigusi, keki nazioka na kuziangalia tu."

"Hongera. Na hicho unachotafuna?"

Baba Pacha alimeza haraka. "Hiki si chakula. Naonja kazi. Kila trei ikitoka, nakata kipande cha pembeni nijue kama mkate umeiva. Marehemu baba ndivyo alivyonifundisha."

"Trei ngapi kwa siku?"

"Kumi na nne."

Mama Sahani aliteremsha bakuli kubwa rafuni. "Leo usionje. Kila kipande ambacho ungekula, tia humu. Nitarudi."

Saa saba mchana alirudi. Bakuli lilikuwa limejaa pomoni. Alivipanga vipande mezani, kimoja baada ya kingine. Vilitimia mkate mzima na nusu. Na pembeni chakula cha mchana kilikuwa kinangoja: wali mlima mzima, na viazi juu yake!

"Hivi vyote ni mimi?" aliuliza Baba Pacha, mdomo wazi.

"Wewe, kila siku ya Mungu. Ni kweli mkate wako si mtamu. Lakini una wanga. Wanga ukifika tumboni unageuka sukari, na sukari inaingia kwenye damu. Mkate, wali, viazi, mihogo, mahindi, vyote vina wanga. Na damu haiulizi kama ulikuwa unakula au unaonja tu."

Baba Pacha si mtu wa nusunusu. Kesho yake aliacha wanga wote. Hakuonja mkate wala hakugusa kiazi. Alimeza dawa zake, akala majani mawili ya mboga, akaingia kazini. Ilipofika saa nne, mikono ilianza kutetemeka. Jasho la baridi likamtoka mbele ya tanuri la moto. Akaketi kwenye gunia la unga, akawa anaongea maneno yasiyoeleweka.

Mama Pacha alipiga yowe. Bahati nzuri Mama Sahani alikuwa bado nyumbani. Alikuja mbio na kipimo chake, akamchoma kidole, kisha akakoroga vijiko vinne vya sukari kwenye glasi ya maji.

"Kunywa."

"Sukari?"

"Saa hizi sukari ndiyo dawa. Yako imeshuka mno. Vidonge vyako vinaishusha, na wewe umekaa na njaa. Kunywa, shemeji!"

Baada ya robo saa mikono ilitulia. Mama Sahani alimpima tena, akampa kipande cha mkate ale.

"Sasa nifanyeje?" Baba Pacha alikuwa karibu kulia. "Nikila naumwa, nisipokula naumwa!"

"Usiache. Pima. Unga huutii kwa kukisia, unautia kwa mizani. Basi na mwili wako unataka kipimo."

Kwenye unga uliotapakaa mezani, Mama Sahani alichora duara kwa kidole, akaligawa. "Hii ndiyo sahani. Nusu ni mboga. Robo ni maharage, samaki, nyama au mayai. Robo inayobaki ndiyo ya wanga. Mkate uwe wa unga usiokobolewa, kipande kimoja au viwili. Kula tunda lenyewe, achana na juisi. Usiruke mlo. Na dawa usipunguze wala usiongeze mwenyewe. Nenda leo ukamweleze daktari kilichokupata."

"Na mkate wangu nitaujuaje umeiva?"

"Hapo sijui. Fundi ni wewe."

Baba Pacha alifikiri. Kisha alitoa mkate kwenye trei, akaupindua, akaugonga chini kwa kidole, akatega sikio. Ulilia kama debe tupu. Alitabasamu. Ulikuwa umeiva.

Tangu siku ile aligonga, hakuonja. Chumvi alionja mkewe, kipande cha ukubwa wa ukucha. Haikuwa rahisi. Wiki ya pili aliiba ganda moja la moto, na Mama Pacha akalisikia likivunjika mpaka dukani. "Nakusikia, mwizi wewe!" alipaza sauti, na wateja wakaangua kicheko. Alilirudisha.

Miezi mitatu ikapita. Kliniki ilijaa watu. Daktari alisoma karatasi, akaisoma tena.

"Sita nukta tisa," alisema. "Mzee, umefanyaje?"

Mama Pacha hakungoja jibu. Alipiga vigelegele palepale, wagonjwa wote kwenye benchi wakageuka. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakujali kuyafuta.

Walipotoka nje, Baba Pacha alisoma kibao cha duka la ng'ambo ya barabara, herufi kubwa na ndogo, bila kukosea hata moja. Kisha akamgeukia mkewe.

"Haya, mama. Kesho nani anawasha tanuri?"

"Mwenye tanuri," alisema Mama Pacha. "Saa kumi na moja. Na usichelewe."