Bibi Haingii Tena Mtandaoni

Chumba cha mbele cha nyumba ya Mama Pacha hakina kochi. Kina cherehani ya mumewe, mashine ya kudarizi, na kompyuta kuukuu inayoitwa Bibi.

Anaitwa Bibi kwa sababu ya umri, na kwa sababu hakuna anayeweza kumharakisha. Ukimwasha asubuhi, unachemsha chai, unakunywa, unaosha kikombe, ndipo anaamka. Lakini mashine ya kudarizi haisikii amri ya kompyuta nyingine. Programu yake ni ya zamani, na kwenye kompyuta mpya haifunguki. Michoro yote ya Mama Pacha imo ndani ya Bibi: maua, ndege na nembo alizochora tangu mapacha wake wakiwa mgongoni. Kazi hiyo ndiyo inayolisha nyumba nzima.

Jioni Baba Pacha humtumia Bibi huyohuyo kutazama mpira. Kila mara maandishi yalitokea: mfumo huu umepitwa na wakati, haulindwi tena. Naye aliyafuta bila kuyasoma mpaka mwisho.

"Yanasema nini?" mkewe aliuliza.

"Kelele tu. Bibi hajawahi kuugua hata siku moja."

Mwanamume huyu ni hodari wa mkasi, lakini kwa ubishi, usiseme!

Siku moja mpiga picha wa duka la jirani alikuja mikono kichwani. Kompyuta yake nayo ilikuwa ya zamani. Alifungua barua pepe iliyojifanya ya mteja, virusi vikaingia, na picha zake zote zikafungwa, hazifunguki tena.

"Harusi za watu!" alilia. "Nitawaambia nini?"

Mama Pacha aliingiwa na hofu. Alimwonea jirani huruma, lakini aliwaza michoro yake mwenyewe.

Hakulaza damu. Alimwita rafiki yake anayetengeneza kompyuta za hospitali. Mtaani wanamwita Chomoa, kwa kuwa kila tatizo hulianza kwa neno hilo. Alifika, akakagua nyaya, akasema, "Chomoa."

"Nichomoe nini?" aliuliza Baba Pacha.

"Waya wa intaneti, shemeji."

"Jamani, leo kuna mechi!"

"Mechi utatazama kwenye simu. Sikiliza. Kila kompyuta ina mfumo endeshi. Huo ndio unaoongoza kila kitu humo ndani. Wezi hutafuta matundu kwenye mfumo. Waliouunda wakiona tundu, hutuma kiraka cha kuliziba. Ndiyo maana kompyuta ikikwambia usasishe, sasisha. Lakini huu wa Bibi ni wa kale, waliouunda wameshaachana nao. Matundu mapya yanaonekana, viraka haviji tena."

Baba Pacha alikuna kidevu. "Yaani ni suruali ambayo fundi ameikataa."

"Shemeji, leo umenishangaza!"

"Sasa nimtupe Bibi?" aliuliza Mama Pacha. "Bila yeye sina kazi."

"Usimtupe. Njia bora ni kuhamia kwenye mfumo mpya, lakini programu yako haikubali. Basi Bibi abaki na kazi moja tu, kudarizi. Asiingie mtandaoni kabisa. Barua pepe, benki, mpira, vyote vifanyike kwingine."

Kisha Chomoa alinakili michoro yote kwenye diski mbili za nje. Alifungua baadhi ya nakala kwenye kompyuta hiyohiyo, kuhakikisha kwamba zinasomeka. Diski moja iliingia kabatini. Nyingine ilipelekwa kwa dada yake Mama Pacha.

"Msiziache zimechomekwa," alionya. "Virusi vikiingia, vitazikuta hapohapo. Na flashi ya mteja isiguse Bibi. Ianzie kwenye laptopu ya mapacha. Ile mfumo wake ni mpya, na kinga yake ya virusi inasasishwa."

Jioni ile Baba Pacha alitazama mechi kwenye simu huku amenuna. "Wachezaji wamekuwa saizi ya kunguni," alilalamika.

Baada ya muda alikuja mkuu wa zimamoto. Alitaka nembo za sare za kikosi kizima, kwa ajili ya kufungua kituo kipya. Mama Pacha alikuwa hajawahi kupata kazi kubwa hivyo. Mkuu alikuwa na haraka. Alienda moja kwa moja kwa Bibi, flashi mkononi.

Baba Pacha alisimama njiani. "Samahani, mkuu. Hapo flashi ya mgeni haichomekwi. Ianzie kwenye laptopu ya mapacha."

"Mafundi wengine wanachomeka tu! Niende kwao?"

Mama Pacha aliona kazi inamponyoka mbele ya macho yake. Lakini mumewe hakusogea.

"Mkuu, mtungi wa gesi ukivuja, utaruhusu mtu awashe moto kwa sababu ana haraka?"

Mkuu akamkabidhi flashi.

Pacha mmoja aliichomeka kwenye laptopu. Onyo jekundu likatokea papo hapo: virusi! Chomoa alipopigiwa simu na kusomewa onyo alisema, "Msifungue chochote. Itoeni. Hivyo ndivyo vinavyofunga mafaili ya watu."

"Flashi hii imetoka ofisini kwangu," mkuu alisema kwa sauti ndogo. "Kompyuta yetu ni rika la huyu Bibi wenu."

"Basi msiitumie mpaka Chomoa aitazame," alisema Mama Pacha. "Na nembo isikusumbue. Si unayo kifuani? Simama hapo, mkuu, usitikisike."

Akaichora upya, uzi kwa uzi, akiitazama kwenye shati la mkuu. Aliyekuja na haraka alisimama wima mpaka mchoro ukaisha.

Siku ya kufungua kituo, kikosi kilijipanga kwa mstari. Kila kifua kilikuwa na nembo mpya, inang'aa. Mkuu alisema mbele ya watu wote, "Duka la Mama Pacha lilinikatalia, na kwa kunikatalia limeokoa kompyuta ya ofisi yangu: virusi vilitolewa kabla havijafunga mafaili yetu. Kuanzia leo, sare za vituo vyetu vyote zitadariziwa kwao. Nani aliwafundisha?"

Mama Pacha alimvuta mumewe mbele.

"Chomoa ndiye aliyetufundisha," alisema. "Lakini kazi ya maisha yangu yote imelindwa na huyu, mume wangu."

Watu wakashangilia. Baba Pacha alilia kwa furaha mbele ya kikosi kizima, wala hakujificha.