Kasha la Rowena, Kamera ya Emmett

Jumamosi ya punguzo, duka la vifaa vya kuzamia pale Seattle lilijaa mpaka mlangoni. Rowena Dumlao, koti lake jekundu likichuruzika mvua, alilikamata kasha la mwisho la kuzamishia kamera majini kabla mkono mwingine haujalifikia.

"Dada, hilo lina mwenyewe," alisema kijana mrefu, sweta limemchakaa viwikoni.

"Ndiyo. Ni mimi."

"Kamera yako ipi?"

Akamwonyesha. Kijana huyo, Emmett Sandvik, akacheka mpaka akashika meza. "Hiyo haiingii humo. Vitufe vya kasha vitabonyeza hewa."

Rowena akajaribu, akaona ni kweli. Alikuwa amefanya kosa la wageni wote wa video za chini ya maji: kununua kamera kwanza, akidhani kasha halikosekani. Kamera ya Emmett, ndogo, ya HD, iliingia na kutulia.

"Niuzie," Rowena alisema.

"Siuzi. Niuzie kasha."

"Thubutu."

"Kwani unataka kurekodi nini?"

"Pweza. Ametaga chini ya magogo pale ufukwe wa Alki. Baba yangu amezamia maisha yake yote, hajawahi kuona mayai yakianguliwa. Sasa mapafu yamemgomea. Nimemwahidi atayaona."

Emmett aliacha kucheka. "Basi tutazama pamoja," alisema.

Tangu hapo simu hazikukatika. "Umekula, mrembo?" "Nimekula, na usinibembeleze, kasha hupati." Siku Rowena alipomwachia kasha alipake mafuta mpira wake wa kuzuia maji, wote wawili walijua mambo yamekolea.

Alhamisi, akipita ufukweni, Rowena alimwona Emmett akitoka majini na kasha mkononi, ubavuni pake mwanamke mwembamba aliyevaa suti nyeusi ya kuzamia. Wivu ukampanda kichwani.

"Kumbe umeshamrekodi pweza wangu, tena na mwingine?"

"Row, ngoja nikueleze."

Hakungoja. Alimpokonya kasha, akaondoka, na simu ikaita mpaka ikachoka.

Nyumbani alilifungua ili amrudishie kamera yake. Kamera haikuwemo. Mlikuwa na tishu tu, imekunjwa vizuri, kavu kabisa. Rowena akakaa chini. Kila mzamiaji anaijua desturi hiyo: kasha jipya huzamishwa tupu kwanza, na tishu ndani, ili kama linavuja lisiue kamera. Emmett hakuwa amerekodi chochote. Aibu ilimchoma, akapiga simu.

"Yule ni nani?"

"Shangazi yangu. Ana miaka sitini na mbili. Suti ile humficha mtu umri."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka likivuja, nihuzunike peke yangu."

"Nisamehe, mpenzi."

"Hilo neno la mwisho, rudia."

"Njoo kesho na kamera."

Kesho yake jioni walizama. Rowena alishika taa, Emmett kamera. Chini ya magogo pweza alikuwa amekonda, maana tangu atage hakuwa amekula. Alipuliza maji polepole juu ya mayai yaliyoning'inia kama nyuzi za shanga, na mayai yakaanza kupasuka. Vitoto vidogo kama punje za mchele vilimiminika, maelfu, kila kimoja na mikono yake minane, vikabadilika rangi ndani ya mwanga na kupanda juu gizani. Mama yao aliendelea kupuliza kwa nguvu zake za mwisho. Rowena alijiona mdogo, akashukuru kuwa mdogo. Machozi yalijaa ndani ya miwani yake, na hakuweza kuyafuta.

Jumapili mzee Dumlao aliisogelea televisheni, sahani ya tambi ikipoa magotini. Vitoto vilipomiminika aliziba mdomo kwa kiganja. Kisha picha ikatikisika, ikamwacha pweza, ikamwendea Rowena akilia nyuma ya kioo cha miwani, ikabaki hapo hadi mwisho.

"Na mama yao yuko wapi?" aliuliza mzee.

Masikio yakamwiva Emmett kwa aibu. "Samahani, mzee. Nilikuwa namtazama huyu."

"Wakati wote huo?"

"Ndiyo. Na nataka kumwoa."

"Mtu huanza kwa kumuuliza mwenyewe," alisema Rowena.

"Nakuuliza, Row."

"Nyamazeni kwanza," alisema mzee. "Rudisha pale anapolia."

Rowena akarudisha. Baba yake alipoinama tena mbele ya televisheni, Rowena alimwegemea Emmett na kumwambia polepole kwamba amekubali.