Pointi Elfu Sita

Kila Jumamosi asubuhi Evaline alifagia uwanja wa nyumba yao, mtaa wa Buzebazeba, akaosha vyombo, kisha akaomba simu ya baba yake ili aangalie pointi. Wenzake wa darasa la sita walikuwa na michezo yao. Yeye alikuwa na pointi.

Mambo yalianza mwezi wa kwanza. Baba yake, Bwana Elinipa, afisa kilimo aliyehamishiwa Kigoma kutoka Same, alipewa na benki kadi ya mkopo: unanunua leo, unalipa mwisho wa mwezi. Kila shilingi elfu moja iliyolipwa kwa kadi ilileta pointi moja, na pointi elfu sita zilitosha tiketi ya ndege hadi Dar es Salaam. Evaline aliitaka tiketi hiyo kuliko kitu chochote. Bibi yake wa Same alikuwa amefanyiwa upasuaji wa macho, na alisema kwenye simu, "Sasa naona. Nileteeni Evaline nimwone." Baba alikuwa na uwezo wa kulipia nauli yake mwenyewe tu.

Evaline akatoa shauri, na Baba akalikubali upesi, maana naye alipenda mambo ya kisasa. Waliacha kununua sokoni Katonga, ambako hakuna anayepokea kadi, wakahamia duka kubwa la mjini. Maharage dukani, mawese dukani, hata migebuka walinunua dukani, kwenye friji. Watu wanaoishi karibu na ziwa namna ile walikula samaki wa barafu miezi kumi, na walijiona wajanja.

Jumamosi moja ya Oktoba pointi zilifika elfu nne. Benki ikatuma ujumbe: pointi elfu mbili zilizobaki zinaweza kununuliwa kwa shilingi laki mbili na nusu, mwisho Jumatatu.

"Nitazinunua keshokutwa, tumalize jambo hili," alisema Baba. "Wewe nenda kachukue samaki."

Nje ya duka Evaline alimkuta Recho, mwanafunzi mwenzake, akimsaidia mama yake kushusha beseni la migebuka. Mama Recho alikuwa muuza samaki wa Katonga.

"Shikamoo, Mama Recho."

"Marahaba. Umetupotea, mwanangu. Siku hizi mmeacha kula samaki?"

"Tunakula. Tunanunua hapa."

Recho alicheka. "Hapa tunaleta sisi. Mama anawauzia fungu elfu tano, wao wanawauzia nyinyi elfu saba."

"Na nyongeza wanakupa?" aliuliza Mama Recho.

Katonga, mteja wa kila wiki hupewa samaki mmoja au kiganja cha dagaa juu ya alicholipia, bila kuomba. Evaline alikumbuka kwamba hajapewa nyongeza tangu mwezi wa kwanza.

Alirudi nyumbani mikono mitupu. Alitoa risiti zote kwenye droo, akafungua daftari, akaandika na bei za sokoni alizokuwa amemuuliza Recho pale dukani. Dukani walitumia laki nne kila mwezi. Vitu vilevile Katonga vingegharimu laki tatu na elfu ishirini. Tofauti ilikuwa elfu themanini, na kwa miezi kumi ilifika laki nane. Alirudia hesabu mara tatu akitumaini amekosea. Tiketi yenyewe, ukilipa taslimu, ilikuwa laki tatu.

Aliona aibu. Shauri lilikuwa lake. Akinyamaza, Baba atanunua pointi, naye atapanda ndege, na hakuna atakayejua. Alikaa na daftari mapajani mpaka chai ikapoa. Kisha akatoka kibarazani.

"Baba, usizinunue. Nilikosea, na hesabu ni hii."

Baba alisoma, akafuta miwani, akasoma tena. "Laki nane," alisema. "Tungepanda ndege wote wawili, na Bibi tukamnunulia khanga."

"Samahani, Baba."

"Mwenye kadi ni mimi. Tena nimeisifu kwa ofisi nzima. Jumatatu nitawapitia mmoja mmoja niwaambie ukweli." Alirudisha miwani usoni. "Kuhusu pointi, benki iliniandikia ujumbe kila wiki. Kuhusu hizi elfu themanini za kila mwezi, hakuna aliyeniandikia."

"Na Bibi je?"

"Bibi tutamwona. Hiyo laki mbili na nusu itakuwa mwanzo wa nauli ya treni, na tukirudi kununua Katonga, akiba itaijaziliza. Treni inapita Dodoma."

Mama yake Evaline alikuwa masomoni Dodoma. Ndege isingesimama huko, na Evaline hakuwa amelifikiria hilo hata siku moja.

Jumapili walikwenda Katonga pamoja. Baba alimsalimia Mama Recho kwa Kiha chake kidogo, "Mwakeye," naye akawafungia migebuka na kuongeza mmoja juu.

"Evaline," alisema Baba njiani, "mtu akikuambia utapata nini, muulize kwanza utalipa nini. Na ukigundua umekosea, sema mapema, kama ulivyosema jana. Ungengoja Jumanne, nisingekuwa na la kufanya."

Desemba, huko Same, Bibi alimshika Evaline mashavu kwa mikono miwili, akamtazama muda mrefu. Kisha akamtazama mwanawe, akamtazama na mkwewe, mama yake Evaline.

"Mmekuja na ndege?" aliuliza.

"Na treni, Bibi," alijibu Evaline. "Ndiyo maana tuko watatu."