Saa Kumi Mlangoni kwa Mzee Tie

Sifa zote ni za Mola aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu.

Katika mtaa wetu wa Xi'an, nyuma ya msikiti, kuna nyumba ya Mzee Tie Wanhe, mwandishi wa khati. Chumba chake cha mbele kimejaa aya alizoandika kwa brashi na wino mweusi. Zamani, aliyetaka kuziona alimpigia simu mkewe, Bi Mu Suqin. Bibi alimwuliza anakuja na nani, kisha akamwambia, "Njooni baada ya adhuhuri." Mgeni alipobisha, chai yake ilikuwa tayari, kama anavyoipenda. Laiti ungeisikia harufu ya wino na tende kavu ikitoka mlango ule.

Miaka ikapita. Wageni wa zamani wakazeeka, na vijana wakazoea kupanga kila ziara kwa programu za simu ya mkononi. Chumba kikawa kimya. Mjomba Mu, kaka yake Bi Suqin, akasema kwamba kikibaki hivyo mpaka mwisho wa majira ya baridi, atakifanya duka la supu ya kondoo. Nyumba ilikuwa ya ukoo wa Mu, si ya Mzee Tie.

Binti yao, Ruoxi, akatengeneza programu ya simu ya kuwekea nafasi za ziara. Ilikuwa majira ya joto. Akaweka ziara kila siku saa kumi, kwani wakati huo wa mwaka sala ya alasiri kwetu ilikuwa bado mbali. Wageni wakaanza kuja, na nyumba ikafurahi.

Vuli ikaingia, siku zikafupika, na sala ya alasiri ikasogea hadi saa kumi. Wageni walifika wakati Mzee yuko kwenye safu ya sala. Walibisha, wakangoja, wakaondoka. Mzee Bai, rafiki wa nyumba tangu ujana, hakufika kabisa, kwani programu ilimshinda.

"Supu haihitaji programu," Mjomba akamtania mpwa wake. "Mtu akisikia harufu, anaingia."

Ruoxi akaenda kwa jirani, Bi Sha Yunlan, aliyewahi kutengeneza programu ya zahanati. Bi Sha akaitazama simu kwa muda mrefu.

"Mwanangu, ulipokuwa unaichora hii, ulikaa na nani?"

"Na kompyuta yangu, Shangazi."

"Basi umeitengenezea kompyuta."

Akamweleza. Kabla ya kutengeneza programu, waulize watakaoitumia na watakaowapokea wageni. Chora kila ukurasa kwenye karatasi. Mpe mtu karatasi, umwambie aweke nafasi kwa kubonyeza kwa kidole, kisha unyamaze utazame. Pale kidole kinaposita, ndipo penye kosa. Karatasi huchorwa upya haraka. Kubadili programu iliyokamilika hugharimu jasho.

Mzee Tie akatoa karatasi zake za kujaribia brashi. Wakamwalika Mzee Bai uani. Kidole chake kikasita ukurasa wa kwanza.

"Neno la siri la nini?" akauliza. "Nimekuja kutazama khati, sikuja kuiba."

Ruoxi akataka kumweleza. Bi Sha akamgusa mkono anyamaze. Mzee Bai akageuza karatasi, akatafuta.

"Na Bi Suqin yuko wapi humu? Zamani aliniuliza nakuja na nani. Humu hakuna anayeuliza."

Ruoxi akaichukua ile karatasi, akachora nyingine.

Neno la siri likaondolewa. Herufi zikawa kubwa. Programu ikauliza mambo machache: jina, namba ya simu, unakuja na nani, na chai gani unaipenda. Nyakati za ziara zikafuata ratiba ya sala ya msikiti, zikisogea pamoja na jua. Mgeni akapata ujumbe wa kumkumbusha asubuhi ya ziara. Na namba ya zamani ya Bi Suqin ikabaki, kwa wasioweza kusoma au wasio na simu ya kisasa.

Kabla baridi haijakwisha, viti vya uani havikutosha. Mjomba Mu akaja kukikagua chumba alichotaka kukifanya duka, akakuta viatu vya wageni vimejaa kizingitini. Akageuka, akarudi kwake. Baadaye akaleta sufuria ya supu.

"Ya wageni," akasema. "Pa kuweka duka nitatafuta kwingine."

Siku hiyo Mzee Tie alirudi kutoka sala ya adhuhuri, akamkuta Mzee Bai ameketi pale pale alipozoea. Mbele yake palikuwa na bilauri ya chai isiyo na sukari, na pembeni bilauri ya pili, ya mjukuu wake, yenye tende mbili.

"Nani kakwambia nakuja na mtoto?" Mzee Bai akauliza.

Bi Suqin akamwonyesha kwenye simu yake nafasi aliyoiweka kwa programu.

"Wewe mwenyewe," akasema. "Kunywa, inapoa."