Aliyerudi Bila Jasho

Ubaldo Treviño alirudi kutoka nyuma ya piramidi akiwa mkavu. Ilikuwa mwezi wa tano, saa sita za mchana, joto la kumchemsha mtu ubongo, na wageni wenzake tisa walikuwa wamelowa migongo kama waliomwagiwa maji. Yeye peke yake hakuwa na hata tone la jasho puani. Eldemira Tuyub, aliyekuwa akiwatembeza wageni katika mahame yale ya kale ya Kimaya, Xkanhá, kwa miaka kumi na tisa, aliliona hilo akashangaa kidogo, kisha akajiambia kwamba labda bwana huyu alikuwa amejipumzisha kivulini.

"Umechelewa, bwana mkubwa," alimtania. "Tulidhani wafalme wa zamani wameshakuoza binti yao."

Wageni wakacheka. Ubaldo alichelewa kucheka, na alipoanza, aliendelea hata baada ya wenzake wote kunyamaza.

Asubuhi hakuwa hivyo. Asubuhi alikuwa mtu wa makelele, muuza matairi wa Monterrey, mji wa mbali kaskazini, aliyekuja na mkewe Perla kusherehekea miaka kumi na moja ya ndoa yao. Pale langoni Wilberth, dereva, alikuwa ameweka juu ya jiwe kibuyu cha saka, ule uji mweupe wa mahindi wenye asali ambao huwekewa wenyewe wa pale, pepo walinzi wa mahame, kabla watu hawajaingia. Ubaldo akakinyanyua.

"Hii ya nani?"

"Ya wenyewe, kaka. Iache hapo."

"Mbona siwaoni hao wenyewe?"

Akainywa yote, akapangusa masharubu, akakitupa kibuyu vichakani. Wilberth aligeuza uso kama mtu aliyepigwa kofi. Perla naye akamfokea mumewe, mumewe akamjibu vibaya mbele za watu, na mpaka wanafika kwenye piramidi walikuwa hawasemezani. Ndipo Ubaldo akazunguka nyuma peke yake, kwenye kisima kipana cha kale kilichokuwa huko, akapige picha.

Chakula cha mchana walikula kwa Mama Socorro, kibandani kando ya barabara: nguruwe aliyeokwa kwa kufukiwa ardhini ndani ya majani ya mgomba, vitunguu vyekundu vya siki, chapati za mahindi za moto. Eldemira hakuwa ameanza kula vizuri Mama Socorro alipomvuta mkono mpaka nyuma ya jiko.

"Huyu mgeni wako wa shati la bluu, mtu wa wapi?"

"Monterrey."

"Monterrey ipi hiyo? Ameingia jikoni kwangu kuniomba unga mbichi. Kwa Kimaya."

"Labda kajifunza maneno mawili matatu, mama. Siku hizi wanajifunza."

"We Eldemira, mimi nimenyonya na Kimaya. Huyu anasema Kimaya cha bibi yake bibi yangu. Maneno mengine sikuyaelewa kabisa. Halafu ananuka."

"Ananuka nini?"

"Pango," alisema Mama Socorro, akajishika kifua. "Pango lenye maji."

Eldemira alikwenda chooni kunawa uso. Kwa kazi yake alikwisha kuona kila aina ya mgeni: walevi, wezi, wanaojifanya wagonjwa ili warudishiwe nauli. Alimshuku Ubaldo kwa jambo fulani, lakini jambo lenyewe hakulijua. Mara Perla akaingia nyuma yake, akaufunga mlango kwa komeo.

"Dada, usinicheke," alisema kwa sauti ya chini. "Yule si mume wangu."

"Mmegombana, mama. Na joto hili..."

"Nisikilize. Ana kovu kwenye nyusi. Alipasuliwa uwanjani, mpira, mimi ndiye niliyempeleka akashonwa. Nyusi ya kushoto. Nimekaa naye meza moja nusu saa nzima namwangalia. Liko kulia, dada. Liko kulia!"

Eldemira alitoa simu. Asubuhi Wilberth alikuwa amewapiga wote picha langoni kwa simu hiyo, na maandishi ya bango nyuma yao yalisomeka sawasawa, kwa hiyo picha haikuwa imegeuka. Akaikuza. Kovu lilikuwa kushoto. Mfuko wa shati, wenye miwani iliyoning'inia, ulikuwa kushoto. Saa ya mkononi, kushoto.

Akachungulia kwenye ufa wa mlango. Ubaldo alikuwa mezani, mgongo wima, mikono juu ya magoti, sahani yake haijaguswa. Mfuko wa shati ulikuwa kulia. Saa ilikuwa kulia. Alikuwa vilevile ambavyo Ubaldo angeonekana kama angeinama juu ya maji na mtu aliye chini ya maji hayo akamtazama, akamuiga. Eldemira hakuwa amepumua bado, yule bwana alipougeuza uso polepole, akautazama ufa ule moja kwa moja, akaupungia mkono.

"Basi wangu yuko wapi?" Perla alinong'ona.

Walipopanda basi Eldemira aliketi karibu na dereva, akamwambia kwa Kimaya, chinichini, "Geuza gari. Tumemwacha mtu Xkanhá."

Wilberth akahesabu kwenye kioo. "Kumi wote wapo."

"Geuza."

Dereva alitazama tena kiooni, safari hii kwa muda mrefu, kile kiti cha nyuma. Akageuza.

Zilikuwa kilomita sita tu, lakini kilomita ya kwanza haikuwa imekwisha vioo vya madirisha vilipoanza kufunga ukungu kwa ndani, na baridi ikatambaa chini ya viti ikawashika watu vifundoni, na ile harufu aliyoisema Mama Socorro, harufu ya jiwe lisilopata kuona jua na maji yasiyopata kutembea, ikazidi kuwa nzito mpaka yule mama wa Kanada aliyekuwa kiti cha mbele akajifunika pua kwa kofia na kuuliza kama kuna bomba limepasuka, na wakati huohuo sauti ya Ubaldo ilisema, kwa upole, karibu kabisa na sikio la Eldemira ingawa mwenye sauti alikuwa amekaa nyuma kabisa na hakunyanyuka, "Tunarudi kufuata nini? Sote tupo."

Langoni walimkuta Mzee Fulgencio Chimal, mlinzi, ambaye kijijini kwao ndiye mganga aombaye mvua na atoaye pepo wabaya. Mzee alipanda ngazi moja ya basi, akatazama ndani, akashuka.

"Nani kanywa?"

"Yeye," alisema Eldemira. "Yule wa kweli."

"Basi wamechukua mtu, wakaleta kivuli chake cha majini. Wilberth, funga mlango, usimfungulie yeyote." Akamgeukia Perla. "Mama, wewe ndiye mwenye mtu. Uji utaukoroga kwa mikono yako."

Perla alikoroga akilia, kwa unga na asali aliyotoa Mzee, vibuyu tisa. Walivibeba mpaka nyuma ya piramidi, wakavipanga ukingoni mwa kisima. Mzee akawasha ubani, akaanza kuomba, akiwaita wenyewe kwa majina ambayo Eldemira hakuwahi kuyasikia. Ndege wakanyamaza. Upepo ukasimama.

"Mkimpata, mvuteni mkiwa mmefumba macho," Mzee alisema bila kugeuka. "Maji msiyatazame. Mnasikia?"

Ndipo chini, kwa sauti iliyokauka, mtu akaita, "Perla!"

Alikuwa amening'inia kwenye mzizi, maji yamemfika kifuani, midomo imekuwa ya zambarau. Alikuwa akiita tangu saa sita. Aliwasikia wakicheka, akasikia basi likiwashwa, akasikia likiondoka. Perla alimshika mkono mmoja, Eldemira mwingine, macho yamefumbwa, wakavuta. Mkono aliokuwa ameushika Eldemira ukateleza. Mtu akaanza kurudi majini, Perla akapiga kelele, na Eldemira akafumbua macho ili auone mkono ulipo. Aliudaka. Lakini chini ya mkono huo aliuona pia uso wake mwenyewe, umetulia juu ya maji, ukimtazama.

Akafumba tena. Wakamtoa. Kovu lilikuwa kushoto, na Perla alilibusu mara nyingi, akimtukana mumewe kati ya busu na busu. Eldemira hakumwambia mtu aliyoyaona.

Waliporudi langoni mlango wa basi ulikuwa wazi. Wilberth alikuwa amesimama nje, na alipomwona Eldemira akarudi nyuma hatua mbili, mpaka akagonga tairi.

"We dada... si umeshapita?"

"Nimepita wapi?"

"Sasa hivi! Umekuja, umeniambia fungua, Mzee kasema nifungue. Umemshusha yule bwana. Mmeondoka kwa miguu, njia ya kwenu, ya Valladolid." Akameza mate. "Nikajiuliza mbona umeshika mkoba wako kwa mkono ule mwingine."

Mzee Fulgencio alimtazama Eldemira usoni. "Ulifumbua macho?"

Eldemira alikuwa tayari anapiga simu nyumbani. Binti yake Sasil, wa miaka kumi na minne, alikuwa peke yake.

"Funga milango yote, mwanangu. Usimfungulie mtu."

"Kuna nini, mama?"

"Usimfungulie mtu yeyote mpaka asubuhi."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Wilberth aliendesha kama mwendawazimu. Njia nzima Eldemira alikodoa macho barabarani, asione mwanamke wala mwanamume. Mbele ya nyumba yake aliteremka kabla gari halijasimama. Jua lilikuwa linazama, majirani walikuwa wanamwagilia vibaraza vyao maji, na mlango ulikuwa umefungwa vizuri. Akaketi kizingitini, mgongo kwenye mbao, tayari kukesha.

Akasikia nyayo ndani, nyepesi, zikija mpaka mlangoni.

"Mama?" Sasil alinong'ona kwenye tundu la ufunguo.

"Usifungue, mwanangu. Mimi nimekuja kukulinda tu. Nitakaa hapahapa mpaka kukuche."

Mtoto akaanza kulia taratibu, kilio cha mtu anayejiziba mdomo.

"Hivyohivyo ndivyo alivyoniambia mama aliyeko mlango wa nyuma."